Betri ya Gari la Kaka

Kaka yangu alirudi nyumbani Izigo akiendesha gari ambalo watu wa kijijini hawakujua waliite nini. Kwa nje lilikuwa kama basi dogo, lakini ndani lilikuwa na kitanda, sinki, kabati la vyombo na mapazia ya maua. Wazungu wawili, mke na mume waliostaafu, walikuwa wakitembea nalo nchi kwa nchi na kulala humo humo. Liliwaharibikia Bukoba, kaka akalitengeneza. Kisha yule mama akaugua malaria kali, wakaamua kurudi kwao kwa ndege. Wakamwachia kaka funguo, wakamwomba alitunze mpaka watakaporudi.

Alikuwa fundi umeme wa magari. Kazi aliianza vita vilipokwisha, angali kijana, katika karakana moja mjini, kwenye malori yaliyorudi kutoka mpakani na matundu ya risasi. Aliipenda, na mikono yake ilisifiwa hadi Muleba. Alioa, wakakaa Bukoba miaka sita bila mtoto, mkewe akafariki. Mwaka mmoja baadaye naye akaja nyumbani na gari la watu.

Siku hizo hapakuwa na haja ya kumuuliza mtu aliyerudi kutoka mjini. Watu waliangalia tu jinsi mkanda ulivyoikunja suruali kiunoni. Silimu, kama tulivyouita UKIMWI, ilikwisha kupita katika nyumba tatu za jirani zetu, na katika moja kati ya hizo hakubaki mtu wa kufungua mlango.

Mama alimtandikia kitanda chumbani. Kaka akakataa kwa neno letu la heshima.

"Waitu mama, nitalala garini. Gari la watu linahitaji mlinzi."

Mama hakubishana. Wote wawili tulielewa. Hakutaka wageni wapate sababu ya kuogopa kuingia ndani ya nyumba yetu.

Mimi, dada yake mdogo, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wangu wa pili kazini, na nilirudi nyumbani kila siku baada ya vipindi. Ndipo aliponifundisha mambo ya betri. Gari lilikuja na betri mbili, moja ya kuwashia injini na nyingine ya taa za ndani na redio. Ile ya injini ilikwisha kufa Bukoba, kwa hiyo iliyobaki ilifanya kazi zote. Juu ya paa palikuwa na paneli ya sola isiyozidi ungo wa kupepetea mchele.

"Hii haiwezi kuijaza betri iliyokwisha," aliniambia. "Ni ndogo mno. Kazi yake ni kurudisha kile kinachopungua kidogo kidogo. Betri ukiiacha tu hivi hivi, hata bila kuitumia, inakufa."

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilipanda juu ya paa na kitambaa chenye maji, nikafuta vumbi na kinyesi cha ndege. Jua likizama nilichomoa waya, kwa maana paneli ile ya zamani gizani ilinyonya ilichotoa mchana. Mara moja kwa wiki nilisugua vichwa vya betri, nikavipaka mafuta. Kupima alipima mwenyewe. Alikuwa na kipimo cha kioo chenye mpira wa kubonyeza. Ukivuta maji ya betri, kuna kidude ndani kinaelea. Kikielea juu, betri imeshiba. Kikilala chini, imekwisha.

Tatizo letu lilikuwa kivuli. Gari lilisimama ndani ya kibanja, shamba letu la migomba, na saa nane mchana majani ya migomba yaliifunika paneli. Mama, ambaye hakuwahi kuniruhusu nikate jani la mgomba uliobeba, alisimama akaangalia juu, akaenda kuchukua panga. Alianza na majani. Siku ya tatu akaangusha mgomba mzima, na mkungu wake haujakomaa. Aliurudisha ukuta wa migomba nyuma hatua nne hivi, peke yake.

Maji ya betri niliyafuata Bukoba, kwenye duka la spea la mzee mmoja wa Kihindi, mmoja wa wachache waliokuwa wamebaki pale mtaani. Alimfahamu kaka tangu alipoanza kazi. Alinifungia chupa mbili kwenye gazeti.

"Kaka anaendeleaje?"

"Anaendelea, baba."

Akalifungua tena gazeti, akaongeza ya tatu.

Kaka aliweka sheria mwenyewe. Gari lilikuwa la kumpeleka hospitali atakapozidiwa, kwa hiyo injini kwanza, redio baadaye. Redio saa moja kwa siku, isizidi. Alinifundisha kuliendesha, yeye akiketi pembeni na blanketi mabegani, kupanda njia yetu hadi barabara kuu na kurudi. Nikirudi nililiegesha limeelekea juu. Hapo ndipo palipokuwa na uwazi wa jua.

Kisha mvua za masika zikaanza. Wingu lilitoka ziwani, likakaa juu yetu siku kumi na moja. Nilifuta paneli isiyokuwa na vumbi. Kaka alikuwa hainuki tena isipokuwa kwa kushikwa, lakini kila asubuhi aliomba kipimo, nikamwekea mkononi na kumfunulia betri chini ya kiti, akavuta maji na kukitazama kwa karibu, macho ameyabana.

"Inatosha," alisema.

Jioni nikirudi alikuwa akinisubiri. "Washa redio."

Saa ikipita nilinyoosha mkono kuizima, naye akatikisa kichwa. "Iache. Wanapiga rumba."

Nikaiacha. Siku ya kwanza kwa saa mbili, siku iliyofuata mchana wote wa Jumamosi. Alilala amefumba macho, vidole vikigonga ubavu wa kitanda. Kwa muda mrefu sikuwa nimeuona uso wake hivyo. Nilijua sheria. Nilijua pia kwamba jua halikuwapo. Lakini aliniambia inatosha, na yeye ndiye aliyekuwa fundi.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili pumzi ilimbana. Mama alitoka mbio kutoka garini.

"Mwanangu, washa gari. Twende."

Nikakaa kwenye usukani, nikazungusha ufunguo. Taa nyekundu ilionekana kidogo, ikafifia. Starta ikatoa mlio mmoja wa chuma, kisha hapakuwa na kitu. Nikajaribu tena na tena. Mama alisimama kwenye matope akiniangalia kupitia dirishani. Kulisukuma haikuwezekana, mbele yetu ulikuwa mwinuko mtupu. Nikachukua kipimo, nikavuta maji mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kidude kilikuwa kimelala chini kabisa, na nilivyokiona hakikulala jana tu, bali siku kadhaa nyuma.

Nilikimbia kwa majirani kuomba watu wa kubeba machela. Wa kwanza alisema mgongo unamuuma. Wa pili alinisikiliza akiwa nyuma ya mlango. Walikuja wawili, katekista na mzee mmoja aliyewahi kuzika watoto wake wanne. Machela inahitaji watu wanne. Mama akavua kanga ya juu, akajifunga kiunoni, akashika mti wa nyuma kushoto, mimi kulia. Sikuwahi kuona mwanamke akibeba machela, na nadhani wale wazee pia. Hakuna aliyetukataza. Kaka alikuwa mwepesi kiasi kwamba nililia kwa ajili ya wepesi huo kuliko kitu kingine.

Barabarani lori la kahawa lilisimama, likatupeleka.

Aliishi siku tisa hospitalini. Siku ya tatu alipata nafuu ya kuzungumza, nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Kaka, nisamehe. Ni mimi niliyeimaliza betri."

"Wewe ulikuwa na kidole tu," akasema. "Kipimo nilikuwa nacho mimi."

"Uliniambia inatosha."

"Ilitosha kwa redio."

Nilikasirika. Hata leo sioni aibu kusema kwamba nilimkasirikia mtu anayekufa. Nilimwambia tungefika mapema kwa saa mbili, kwamba mama alibeba machela, kwamba mabega yake yamechubuka. Alisikiliza yote. Kisha akasema polepole, "Saa mbili hizo zingenipeleka wapi, dada?" Nikamvutia blanketi mabegani. Alikufa asubuhi ya siku ya tisa, tukamrudisha nyumbani, na safari hii wabebaji walikuwa wengi.

Barua ya wale Wazungu ilifika baada ya miezi, katika bahasha yenye jina lake. Hawakutaja gari ila mwishoni. Ukurasa mzima walimuulizia yeye. Niliwajibu kwa Kiingereza changu cha shule. Wakaandika kwamba gari ni letu. Mama hakutaka liuzwe wala liendeshwe, likabaki pale pale, na migomba aliyoikata ikachipua upya.

Kumwambia mama kulinichukua karibu mwaka. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba tukichambua maharage. Nilimweleza yote: kuhusu sheria ya saa moja, kuhusu rumba, kuhusu kwamba ningeweza kuizima na sikuizima. Mikono yake haikusimama.

"Nilisikia," akasema.

"Ulisikia nini?"

"Redio. Kila jioni. Unadhani siku zile nilikuwa napalilia nini karibu na gari, kwenye mvua?" Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Hata mimi nilijua jua halipo. Ningeweza kuja nikaizima. Nilisogea karibu nisikie vizuri."

Akaendelea kuchambua. Upande wa ziwani wingu lilikuwa linapanda, akaniambia niinuke nikaanue kahawa kwenye mikeka kabla haijalowa.