Paneli Iliyong'aa Kupita Kiasi

Bibi Kabula alinipigia simu Jumatatu. Friji yake ya sola ilikuwa inazima kabla hakujapambazuka, na ndani yake mna dawa za sindano za kisukari za babu. "Mume wangu," alisema, maana ndivyo anavyoniita mimi mjukuu wake, "njoo dawa zisije zikaharibika."

Jumanne asubuhi nilitoka Butimba na fundi Masanja, tumebeba paneli mpya. Kivukoni niliiinamia, lakini sikujiona. Kioo chake kilikuwa cheusi kama udongo wa mbuga baada ya mvua, kikinywa jua kimyakimya.

"Juu yake kuna utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu," alisema Masanja. "Unazuia mwanga usirudi ulikotoka."

Saa tano tulifika Kamanga. Nilimwamkia Bibi, naye akatupeleka moja kwa moja kwenye paneli yake, aliyoifunga chini karibu na jiko. Ilimeta kama sufuria ya harusi.

"Kila Jumamosi naisugua kwa mchanga wa ziwani na stiliwaya. Najiona mpaka mvi! Nani hapa ana paneli safi kuliko yangu?"

Masanja alipitisha kidole juu ya kioo kilichojaa mikwaruzo myembamba. "Bibi, hii nayo ilikuwa na utando. Umeusugua ukaisha. Ukijiona humo, ni mwanga unaokurudia. Kinachopotea ni kidogo, lakini betri yako inakosa hicho hicho kidogo."

Bibi aliketi. "Kumbe dawa za mzee naziharibu mimi, kwa mikono yangu."

"Mimi amenisugua miaka hamsini," babu akadakia kutoka barazani, "na bado nafanya kazi!"

Mpaka alasiri Masanja alikuwa ameunganisha paneli mpya kando ya ile ya zamani. Akamwonyesha Bibi namna ya kuosha: maji, kitambaa laini, basi.

Jumatano, jua linachomoza, nilimkuta Bibi ameweka kiganja kwenye mlango wa friji. Ilikuwa inanguruma. Ndani, dawa zilikuwa baridi.

Nikirudi, ziwa lilinirushia jua usoni hadi nikafumba macho. Nilikuwa nimejifunza kutokukiamini haraka kila king'aacho; kuna vitu hupokea mwanga kwa kutulia.

Jumamosi simu ikalia. "Mume wangu, mikono inaniwasha."

"Paneli je, Bibi?"

"Sijaigusa. Nimemsugua babu yako."