Kamba Mbili za Bibi

Nimerudi Kamina, rafiki yangu, miguu imevimba kwa safari ya treni, na kitu cha kwanza nilichokiona ni mabinti wakichota maji kwenye kisima cha chini. Nikakaa juu ya sanduku langu. Sikuwa na nguvu hata ya kuwakemea.

Miaka ya hamsini, tulipokaa kambi ya wafanyakazi wa reli, kisima kile kilifungwa kwa sababu ya bibi yangu. Alikuwa mkunga, hajui kusoma, ananukia moshi na mawese. Kambi ilikuwa na visima viwili, cha juu na cha chini, naye alitundika kamba mbili jikoni, juu ya kikapu cha samaki wakavu. Akisikia mtoto anaharisha, aliuliza maji yao yanatoka wapi, kisha akapiga fundo kwenye kamba ya kisima hicho. Nilikuwa natwanga muhogo huku namsikia akihesabu kwa Kiluba. Kamba ya kisima cha juu ilikuwa na mafundo matatu. Ya kisima cha chini, iliyokuwa ndefu zaidi, ilijaa.

"Ile maji ya chini njo inaua batoto," alimwambia mtawa wa zahanati. Wanaume wa kambi walikuwa wamemcheka. Mtawa hakucheka, alisema kamba zote mbili ziletwe Jumatatu, daktari azione.

Jumamosi nilitumwa kuni. Nikachukua ile kamba ndefu ya kisima cha chini nifungie mzigo, na kwa kuwa mafundo yalinizuia kukaza, nikayafungua yote, moja moja.

Bibi hakunipiga. Heri angenipiga.

"Weye mutoto, umefungua bantu," alisema, akakaa chini. Baadaye sana akaongeza, "Tutaanza tena."

Kisima kikabaki wazi msimu mwingine wa mvua. Kwetu tulikatazwa maji yale, lakini mdogo wangu aliyanywa kwa wenzake. Fundo la kwanza la kamba mpya lilikuwa lake. Tulimzika kabla mahindi hayajakomaa. Kamba ilipojaa, mtawa aliibeba mwenyewe, kisima kikafunikwa kwa mbao, na daktari akasifiwa.

Mimi nilisomea maabara. Miaka yote nimeyatazama maji kwa darubini, nikiona alichokijua bibi kwa vidole vyake.

Mbao zile zimeshakuwa kuni za mtu. Kamba zililiwa na mchwa, na jina la bibi hakuna alijuaye hapa. Nimechoka kweli. Hata hivyo jioni nilimwomba jirani kipande cha kamba, nikamuuliza mtoto wake anaendeleaje.

"Tumbo inamusumbua tangu juzi, mama."

"Munachota mayi wapi?"

Akanyoosha kidole kule chini.