Nukta Aliyoiona Nsabimana

Mwalimu Levina wa Isevya ana sifa moja inayojulikana shule nzima: hakosei, na siku akikosea hakuna wa kumwambia. Amefundisha fizikia Tabora mpaka nusu ya walimu wenzake ni wanafunzi wake wa zamani. Mmoja wao ni Nsabimana, kijana mpole wa Ulyankulu, ambaye hata leo, wakiwa ofisi moja, humwamkia shikamoo na kumwita mwalimu.

Wawili hao husaidia watafiti wa Dar es Salaam kukagua picha za galaksi zilizopigwa na darubini iliyoko angani, kwa infraredi, ule mwanga wa joto usioonekana kwa macho. Wanatafuta galaksi zenye shimo jeusi katikati linalojilisha kwa kumeza gesi. Vumbi hulificha shimo hilo, lakini vumbi lenyewe hupata moto na kung'aa kama nukta kali. Nyota changa nazo hupasha vumbi moto, ila mng'ao wake husambaa galaksi nzima. Kila mkaguzi huamua peke yake, na kijana atakayepatia zaidi atachukuliwa kusoma Dar. Nsabimana alikuwa akiiota nafasi hiyo.

Siku moja picha ya galaksi nyekundu ilifunguka kwenye kompyuta zao. Levina, kwa mazoea ya darasani, akasema kwa sauti, "Hizi ni nyota changa tu."

Kidole cha Nsabimana kilikuwa kimeshafika katikati ya picha. Akakiondoa. "Ni kweli, mwalimu," akasema, akaandika jibu hilohilo.

Levina alikiona kile kidole. Akajitia hamnazo, akafungua picha nyingine.

Majuzi Dokta Apolinaria, kiongozi wa utafiti, alipiga simu. Vipimo vipya vimeonyesha kwamba katikati ya galaksi ile pana shimo linalojilisha, tena kwa pupa. Tabora wamekosa wote wawili. Nafasi inakwenda kwa kijana wa Mbeya, aliyemzidi Nsabimana kwa galaksi hiyo moja.

Nafsi ilimsuta Levina hata chakula kikamshinda. Kesho yake alimwita Nsabimana, akampigia dokta, akaiweka simu mezani wasikie wote.

"Dokta, kosa ni langu. Nilisema kwa sauti. Kijana alikuwa ameshaiona nukta, nami nilimwona akiacha."

"Kama ni hivyo, naweza kuifikiria upya hiyo nafasi," dokta alijibu. "Nsabimana, uliiona?"

Nsabimana alisimama wima, mikono nyuma. "Hapana, dokta. Niliona kama alivyoona mwalimu."

"Sema kweli, mwanangu," Levina alimsihi.

Nsabimana akatazama chini. Dokta akashukuru, akakata simu.

"Usijali, mwalimu," Nsabimana alisema, akamsogezea kiti.

Levina alikaa, machozi yakimlenga. Miaka yote hakuwahi kumruhusu aseme kwamba mwalimu amekosea, na leo alipomwomba, kijana hakujua linasemwaje.