Koplo Uweso na Wanawake wa Mashariki

Uweso alijiandikisha jeshi la Keya, la Waingereza, kule Mombasa, akarudi kwao mtaa wa Ngamiani mwaka 1953 na cheo cha koplo, sanduku la chuma, na aibu ya jina la nchi aliyotumwa kupigana. Nchi yenyewe iliitwa Malaya. Mkewe Asmahani alipoulizwa sokoni mumewe alikuwa wapi, alijibu, "Vitani," akakaza mwendo. Uweso mwenyewe alisema, "Mashariki."

Barazani, kwenye kahawa, hakuchoka kusimulia wanawake wa mjini kule walivyowaharibu askari. "Wenzangu wakipewa ruhusa, mbio kwao. Mimi nabaki kambini na tasbihi yangu."

Wazee walimsifu. Sifa zikampanda kichwani, akaona mtaa nao usafishwe. Jirani yake, Kijakazi, alikuwa akipokea wanaume chumbani mwake. Shughuli hiyo kila mtu aliijua, wengine kwa undani kuliko walivyopenda kusema. Uweso akamwendea mwenye nyumba, Mzee Idarusi, amfukuze. Kikao kikaitishwa Jumapili, na Uweso akaleta shahidi: Zebedayo, Mbondei wa Muheza, Mkristo, aliyelala naye hema moja vitani.

"Waeleze wazee wanawake wale walivyotufanya," Uweso akamhimiza.

Zebedayo hakuwa ameambiwa ushahidi gani unatakiwa. Akacheka. "Shikamooni wazee wangu. Mimi nilikwenda mara chache, kisha nikatubu. Huyu mwenzangu hakuwa na haja ya kwenda, maana alikuwa kama amehamia. Siku tulipoondoka alilia stesheni mpaka sajenti akamfunika blanketi, raia wasimwone."

Mzee Idarusi akakohoa. Wengine wakatazama vikombe vyao. Kijakazi, aliyeketi mkekani kando, ndiye aliyeuliza: "Alikuwa akiitwa nani, koplo?"

"Mei Lan," Uweso akajibu kwa sauti ndogo. "Alikuwa akinishonea vifungo. Hakuwa kama hawa."

"Hawa nani? Tangu umerudi tunapishana bombani kila asubuhi, na hujanitaja jina hata siku moja. Mimi kwako ni 'yule' tu."

Mzee Idarusi akauliza kama kuna mwenye neno juu ya kumhamisha Bi Kijakazi. Ghafla kila mzee akakumbuka kwamba adhuhuri imekaribia. Siku hiyo msikiti ulijaa mapema kuliko mwezi wa Ramadhani.

Kijakazi hakuhama. Kesho yake Uweso alimkuta bombani, akavua kofia. "Habari za asubuhi, Bi Kijakazi."

Aliisema salamu ile kwa heshima ya kweli, na mwanamke akaipokea vilevile. Bahati mbaya Asmahani alikuwa nyuma ya mumewe na ndoo.

"Kumbe majina unayaweza," mkewe akasema. "Haya, nitajie na wale wengine wa Mashariki."

Juma zima Uweso alikula kwa mama yake.