Mshika Kibao wa Kizota

Foleni ya Kizota ilipozidi, wakubwa waliamua kuimaliza kwa kuichimba barabara yenyewe. Foleni nayo, kama mgeni aliyesikia fununu za kufukuzwa, ikazidisha kula. Bango la mradi lilionyesha mambo yatakavyokuwa: njia ya waenda kwa miguu, njia ya baiskeli, njia ya mabasi, miti yenye kivuli, na mwanamke akimtembeza mbwa kwa kamba. Watu wa Nkuhungu, mtaa wa jirani, walilitazama wakajiuliza huyo mbwa kakosa nini.

Chini ya bango alisimama Restuta, mjane wa miaka hamsini na kitu, akishika kibao chenye upande mwekundu na upande wa kijani. Njia iliyobaki ilikuwa moja, magari yakapita kwa zamu, na upande wa pili alikuwa Gideoni na kibao chake, wakiwasiliana kwa redio ya upepo.

"Mama Nyekundu, tuachie, abiria wangu watazalia humu," konda mmoja alimwambia.

"Akizaliwa wa kike mwiteni Restuta."

Ulimi huo mkali alikuwa nao barabarani tu. Nyumbani ulikuwa umelala tangu azikwe mumewe, Lameck. Mwanawe Erick alipiga simu kila sikukuu, kama mtu anayekagua iwapo mita ya maji bado inazunguka.

Waendesha baiskeli hawakumjali; walimpita pembeni, kwenye vumbi, pamoja na mbuzi. Aliyesimama ni mzee Altaf peke yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyepandishwa baiskeli na daktari kwa sababu ya sukari. Akiona nyekundu, mguu chini, kama yuko mbele ya hakimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jana umekula nini, mama?"

Mtu aliyekatazwa vitamu hana habari nyingine ila sahani za wenzake. Lakini tangu msiba hakuna aliyewahi kumuuliza Restuta swali hilo. Siku ya kwanza alijibu, "Chai," akaona haya. Jioni yake akawasha moto, akapika mlenda na ugali wa uwele, apate jibu la kesho. Basi akawa mtu wa kupika.

Akawa pia mhalifu. Akimwona Altaf kwa mbali, anageuza nyekundu hata kama njia ni nyeupe.

"Restuta, achia, huku kumekauka, hakuna gari," Gideoni alilia redioni.

"Kuna lori linageuza."

Hakukuwa na lori. Makao makuu ya nchi yalichelewa kazini kwa ajili ya mlenda.

Kisha njia ya baiskeli ikafunguliwa, laini, ng'ambo ya ukingo wa zege. Asubuhi hiyo Restuta alikuwa na habari ya kuku wa kienyeji, kitu cha kumtosha Altaf mpaka Ijumaa. Mzee akatokea, akapiga kengele, akapunga mkono, uso wote meno. "Njia safi hii, mama!" Restuta akavuka ukingo, akainua nyekundu. Kibao kikautazama mgongo wa Altaf ukielekea mjini.

Vijana wawili wa chuo waliokuwa wakimfuata mzee kwa baiskeli ndio waliosimama.

"Shikamoo, mama. Kuna nini mbele?"

"Marahaba. Hakuna kitu."

"Sasa?"

Restuta akawatazama. "Jana mmekula nini?"

Wakatazamana. "Wali maharage," mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayehojiwa polisi. "Mama, tuna kipindi."

Akageuza kijani, wakaenda.

Wiki hiyohiyo barabara ilikamilika. Msimamizi akachukua kibao, buti na kizibao cha kung'aa, akamshukuru kwa niaba ya mradi. Restuta akarudi Nkuhungu kwa njia mpya ya waenda kwa miguu. Ilikuwa pana kweli, watu wanne wangepita bega kwa bega wakipiga soga. Akatembea katikati.