Suti ya Mwenye Bucha

Fundi cherehani hakuwa mtu wa dhambi kubwa. Yeye alijikwaa tu, ila alijikwaa mara nyingi, na kila mara mbele za watu. Mwaka mmoja aliingia ibadani na redio ndogo mfukoni, waya sikioni, na wakati mchungaji akiwaombea wagonjwa kwa sauti ya upole, fundi akaruka juu na kupiga kelele, "Goli!" Mwaka mwingine alitangaza kwamba anafunga siku tatu, akakutwa siku ya kwanza saa nne asubuhi nyuma ya duka, mdomo umejaa mkate, akaomba msamaha kwa ishara.

Lakini Jumapili ikifika, alikuwepo. Benchi la tatu, upande wa dirishani, macho chini, Biblia kifuani.

"Baba Pacha, Mungu amekuzoea," mkewe alimwambia.

"Ndiyo maana simwachi," alijibu.

Baada ya miaka kumi na tisa ya kwenda hivyo, kanisa likampendekeza awe mzee wa kanisa. Siku ya kuwekewa mikono ilipokaribia, fundi alilitazama koti lake la pekee. Mgongo ulikuwa umepauka, viwiko vimekwisha. Kisha akaitazama suti aliyomshonea mwenye bucha wa sokoni, iliyoning'inia dukani nyuma ya pazia, ya buluu iliyokoza, bitana yake inateleza kama maji. Akaitazama kwa muda mrefu mno. Basi Jumamosi mchana mwenye bucha alipopita kuiulizia, fundi alijisikia akisema, "Bado vifungo, ndugu yangu," ilhali vifungo vyote vilishashonwa na kukazwa.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mwenye bucha hakanyagi kanisani. Miaka mitatu fundi alikuwa akimwalika, pini mdomoni, futi shingoni, "Njoo siku moja tu," na kila Jumatano kikundi cha maombi kilimtaja mtu huyo kwa machozi. Pahali pa kuificha suti yake, basi, palikuwa kanisani.

Tatizo lilikuwa upana. Kiuno cha mwenye bucha kingewatosha mafundi wawili na mmoja wa akiba. Fundi akajibana kwa pini kumi na sita.

"Hiyo suti ya nani?" mkewe aliuliza.

"Ya kazini."

"Ya kazini au ya mtu?"

"Mama Pacha, tutachelewa."

Wimbo wa kwanza ulikuwa haujaisha, mlango ukafunguka. Mwenye bucha akaingia, fulana na malapa, akaangaza huku na huku, akamwona mtu pekee anayemfahamu. Akaja kuketi pembeni yake, benchi likalia.

"Bwana asifiwe, fundi!"

"A... Amina. Umekuja?"

"Si umenisumbua miaka mitatu? Leo nikasema yaishe. Ningevaa suti, lakini unajua mwenyewe, bado vifungo." Akamkagua kutoka begani hadi gotini. "Na wewe umependeza. Kitambaa kama changu."

"Vitambaa vya siku hizi vinafanana sana."

"Ila imekuzidi kidogo."

"Ndiyo mtindo."

Jasho lilimtoka fundi hadi kwenye soksi. Akinyamaza, atakuwa mzee wa kanisa wa uongo. Akisema, mtu aliyeombewa miaka mitatu atatoka na malapa yake kwenda kulieleza soko zima jinsi waliookoka walivyo. Kulikuwa na mlango wa pembeni. Akiupita huo, alijua, hatarudi. Kuna aibu ambazo mtu harudi nazo hata benchi la mwisho.

Jina lake likaitwa.

Alikwenda mbele kwa hatua fupi, akapiga magoti. Pini mbili zikamwingia pajani.

"Yesu!" alilia.

"Amina!" kanisa likaitikia. Mama mmoja akaanza kutokwa na machozi.

Mchungaji akamwekea mkono begani, akabonyeza.

"Ee Bwana!"

"Haleluya!"

"Ndugu yetu," mchungaji alisema, sauti ikimtetemeka, "unaahidi kuwa mkweli katika nyumba ya Mungu na katika kazi ya mikono yako?"

Fundi akafumba macho. "Mchungaji, ngoja. Huyu siyo Roho. Ni pini."

"Pini?"

"Suti si yangu. Ni ya ndugu yule mwenye malapa. Nimemdanganya haijaisha, na imeisha." Akalivua koti, pini zikadondoka sakafuni moja moja, na kanisa likazisikiliza zote.

Mwenye bucha alisimama. "Na suruali?"

"Na suruali pia."

"Hiyo usivue!"

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Mchungaji alijificha nyuma ya Biblia, mabega yakimchezacheza. Mwenye bucha akaja mbele, akalivaa koti juu ya fulana, akageuka kulia na kushoto. "Imenikaa," alisema. Kisha, badala ya kushika njia ya mlangoni, akarudi benchi la tatu. "Kumbe! Mimi nilikuwa naogopa kuja, nikidhani humu mko safi."

Uzee wa kanisa uliahirishwa. Mchungaji alimpa fundi miezi mitatu ya kukaa benchi la nyuma, naye akaenda nyumbani ameishika suruali kwa mikono miwili, mkewe amembebea Biblia.

"Jumapili utakuja?" mkewe aliuliza.

"Kwa uso gani?"

"Huo huo. Una mwingine?"

Alikuja. Alivaa koti lake la viwiko vilivyokwisha, akaketi nyuma kabisa, peke yake, mdomo umefungwa. Ubeti wa kwanza haujafika katikati, mwenye bucha akatokea ndani ya suti yake kamili.

"Sogea."

"Huku ni kwa waliopewa adhabu."

"Mimi mgeni, sijui sheria zenu. Sogea."

Fundi akasogea. Akamfungulia kitabu cha nyimbo, akamwonyesha mstari kwa kidole, akanyamaza tena.

"Mbona huimbi?" mwenye bucha alinong'ona. "Mimi wimbo siujui. Nakufuata wewe."

Fundi akakohoa, akaanza, chini kwanza, halafu kwa sauti.