Godoro la Mama Hawah

Kwa Acidri hakukuwa na mshahara, ndugu zangu. Kulikuwa na marupurupu.

Acidri ndiye mwenye shule ile ya binafsi pale Pajulu, yenye geti jekundu, na walimu wake wote walijifunza neno hilo kabla ya kujua choo kiko wapi. Fedha zilikuja nusu, au robo, au hazikuja. Marupurupu hayakukosekana hata siku moja. Chai ya rangi asubuhi? Marupurupu. Mzazi akishindwa karo akaleta gunia la mihogo, mihogo ile iligawiwa walimu, nayo ni marupurupu. Mwalimu akichota maji kwenye kisima cha shule, Acidri, waliyemwita Dairekta, alisimama pembeni, mikono juu ya tumbo, akasema, "Mwingine angewauzia haya."

Night Poni alifundisha hesabu darasa la sita na la saba. Ni mtoto wa Lurujo, kule Koboko, binti wa askari aliyekufa akamwachia mama yake kofia na deni la duka. Mama yake, Hawah, alimlipia chuo cha ualimu kwa kulima mihogo ya watu, na mihogo hiyo ikamlipa kiuno kibovu. Alilala kwenye mkeka, na kila asubuhi ilibidi ageuke kwa mikono na magoti kabla ya kusimama. Siku Poni alipopata kazi alimwambia, "Mama, cha kwanza nitakununulia godoro." Tangu hapo miaka imepita, na Hawah hakuuliza tena. Hilo la kutoulizwa ndilo lililomchoma Poni.

Kwa hiyo alimdharau Acidri. Si kumchukia, kumchukia mtu kunataka nguvu, na chai ya rangi haitoi nguvu. Alimdharau polepole, kwa starehe, kama mtu anavyokula miwa. Alidharau viatu vyake vyenye ncha. Alidharau namna alivyowaita "familia yangu" wakati watoto wake mwenyewe aliwasomesha Kampala.

Na zaidi ya vyote alidharau Siku ya Wazazi.

Siku hiyo, kila mwaka, Acidri aliwapa walimu zawadi mbele ya watu. Mwaka juzi zilikuwa baiskeli. Walimu walipigwa picha nazo, wakazisukuma hadi nje ya geti huku wazazi wakipiga makofi, kisha wakazizungusha nyuma ya ukuta na kuziingiza kwa mlango wa jikoni, zikarudi dukani mjini zilikoazimwa. Mwalimu Obitre, mzee wa mzaha, alisema ile ndiyo baiskeli pekee aliyowahi kumiliki kwa mwendo wa ukuta mmoja.

Mwaka huu yalikuwa magodoro, mapya, ya bweni linalofunguliwa. Asubuhi naibu mwalimu mkuu, Madamu Concy, aliwaonya katika chumba cha walimu:

"Nailoni isifunguliwe. Jioni yanarudi stoo."

"Na tukisinzia?" akauliza Obitre.

"Sinzia umesimama, Mwalimu. Umezoea."

Lakini Acidri alikuwa ameongeza jambo. Makofi ya wazazi hayakumtosha tena. Alitaka vigelegele, na vigelegele vya kweli ni vya mama wa mtu. Akaagiza kila mwalimu alete mzazi wake. Hapo ndipo alipojikwaa, maana aliwaalika watu ambao hawakuonywa chumbani.

Hawah alifika na taksi ya asubuhi kutoka Koboko, kitenge kimepigwa pasi, kwapani kuku jike mwekundu. Poni alitaka kumweleza, akatazama ule uso uliojaa furaha, akamtafutia kiti kivulini badala yake.

Acidri akashika maikrofoni. "Wengine wanalipa walimu! Mimi siwalipi tu, ninawatunza! Nataka walimu wangu walale vizuri!"

Hilo la kutolipa lilikuwa kweli, akawaza Poni, na ni kweli pekee iliyopita kwenye ile maikrofoni. Jina lake likaitwa. Akapokea godoro, na kabla hajaondoka, vigelegele vikapasua uwanja. Hawah ameinuka! Anacheza, kiuno hicho hicho, moja kwa moja hadi kwa Dairekta.

Kwao Lurujo jambo hili halina mjadala. Mtu akimpa mwanao kitu mbele ya watu, nawe unamrudishia mkononi mbele ya watu hao hao. Akipokea, imekwisha. Mama akamwekea Acidri kuku mikononi.

Watu walishangilia mpaka spika ikazizima. Acidri, ambaye hajawahi kuacha kitu kilichotolewa, alimwinua kuku juu kama kombe, akatangaza, "Huyu namla leo leo!" Na kweli alimla, meza kuu, hadi akatafuna mifupa.

Jioni Hawah alikuwa amekaa juu ya godoro, anasubiri. "Night, twende. Taksi itatuacha."

Poni alitazama mlango wa stoo, ambapo wenzake walikuwa wanapanga magodoro kama mabunda ya majani. Akamtazama mama yake. Kisha akainua godoro, akaliweka kichwani, akapita mbele ya Madamu Concy.

"Madamu Poni! Stoo iko huku!"

"Naijua iliko," akasema, na hakugeuza kichwa, maana godoro lingeanguka.

Jumatatu, Acidri hakumwita ofisini. Alimwingiza kwenye gari lake. "Utamwambia mama yako mwenyewe kwamba umeiba. Nikilikosa, nalikata kwenye mshahara wako."

"Mshahara upi, Dairekta?"

Dereva alikohoa, akakaza macho barabarani. Acidri alichokonoa meno njia nzima hadi Lurujo, na Poni akajiuliza kama bado ni yule kuku. Lakini aliogopa. Si kwa ajili ya kazi. Akilini alimwona mama akirudi kwenye mkeka, majirani wakitazama.

Hawah alipoona gari alifurahi kupita kiasi. Mtoaji amekuja mwenyewe! Akaita majirani, akaleta kiti, akaleta maji. Mzee Yugu, askari mstaafu wa nyumba ya pili, alikuja na saluti.

Acidri alikunywa maji yote kwanza. Kisha akasema, "Mama, kulikuwa na makosa kidogo. Lile godoro ni la shule. Nimekuja kulichukua."

Hawah alimtazama Poni. Poni akasema, "Ni kweli, Mama. Yalikuwa ya kuonyesha tu. Mimi nililichukua nikijua."

Mama akapangusa mikono.

"Sawa, Baba," akasema kwa upole. "Hakuna neno. Kuku yangu iko wapi?"

"Kuku?"

"Ile nyekundu. Ilikuwa nataga. Wewe leta kuku, mimi naleta godoro."

"Mama, kuku... kuku niliila."

"Yote?"

Mtu mmoja nyuma alicheka kupitia puani.

"Nitakununulia nyingine!"

"Mimi hapana taka ingine. Nilikupa ile. Mimi godoro yako sikukula. Iko ndani, nzima, nimelalia tu."

Mzee Yugu akasogea, akaweka mkono begani mwa Dairekta, kama anavyoshikwa mtu aliyelewa. "Afande, kuku ya mutu ukishakula mbele ya watu, maneno iko kwisha. Hata sisi jeshini, na tulikuwa wezi sana, kuku ya shukurani tuliheshimu."

Hapo kicheko kilishindwa kuzuilika. Acidri aliinuka, shingo imevimba. "Poni, usirudi shuleni kwangu!"

"Asante, Dairekta," akasema Poni. Ajabu ni kwamba ilimtoka kwa dhati.

Dairekta alikuwa ameshafungua mlango wa gari Hawah alipotoka ndani mbio, kwa jinsi kiuno kilivyomruhusu. "Baba! Ngoja! Hapana rudi mikono mitupu." Akamnyooshea ule mkeka wake wa zamani, ukingo umeliwa na panya, katikati umebonyea umbo la mtu. "Mimi sasa sina kazi nayo."

Watu wote walisogea kuona atafanya nini. Poni alijua. Alimjua mtu huyu kuliko alivyojijua.

Akaupokea. Dereva akaukunja, akautia nyuma ya gari.

Poni siku hizi anafundisha Koboko mjini, shule nyingine ya binafsi. Mwenye shule ni bahili pia, ila ni bahili wa kawaida, anachelewesha lakini analipa. Juma lile lile alilofukuzwa, simu ililia, ni Obitre kutoka Pajulu, anaongea kwa kunong'ona.

"Madamu, tumekumiss. Leo chumba cha walimu tumepewa kitu kipya. Dairekta amekileta mwenyewe, ametoa na hotuba."

"Kitu gani?"

"Mkeka," akasema Obitre. "Anasema ni marupurupu."